Mikono ya Mbuyu

Yule pepo nilimuua mimi, na sitaki mtu aniletee habari za maombi. Mshale ulitoka kwenye upinde wangu, kidole kilichobonyeza kilikuwa changu, na kama Mama Noémie na wenzake walikuwa wamesimama mlangoni saa ile ile, mikono juu, wakipaza sauti "Toka! Toka!", basi ilitokea tu hivyo. Nimelieleza jambo hili mji wetu wote, Kamina nzima. Kamina nzima inanitazama kwa huruma, kama mtu aliyetoka kuugua.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, vita ya pili bado mbichi. Mimi, Julie Kapenda, nilikuwa karani katika ofisi ya kanisa, sisi Wametodisti. Mkubwa wangu, Pasta Éliézer, alikwenda mkutanoni Lubumbashi, vita ikamfungia huko huko, maana treni ziliacha kubeba watu zikawa zinabeba askari. Nikaachiwa ofisi, mihuri yake, na vitu viwili vya thamani. Kimoja ni kompyuta iliyoachwa na mmisionari alipokimbia vita ya kwanza. Cha pili ni phonie, ile redio ya kuitana kati ya misheni na misheni. Simu zilikuwa zimekufa zamani, kwa hiyo ukitaka kujua kama mjomba wako wa Kinkondja bado anakausha samaki au amekimbilia porini, ulikuja kwangu, ukakaa kwenye benchi, ukangoja nipige kelele mpaka Kinkondja waitike.

Betri ya phonie ilipata nguvu kutoka kwa groupe, jenereta kuukuu iliyokuwa kibandani nyuma ya ofisi. Mazout, yale mafuta yake ya dizeli, ilikuwa ya shida, nikawa naiwasha Alhamisi mchana tu. Sasa, groupe ikishawaka imewaka. Mazout itakayokunywa kwa ajili ya betri peke yake si tofauti sana na itakayokunywa kwa ajili ya betri na kompyuta. Nikawasha na kompyuta. Dhambi iko wapi hapo?

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na mchezo. Unaingia katika ngome ya mawe ya zamani za wafalme na mapanga, mienge inawaka ukutani, na mapepo yanakungoja kila kona: yenye mabawa, yenye pembe, mengine yamevaa chuma kutoka kichwani hadi miguuni kama masufuria yanayotembea. Wewe mwenyewe hujioni. Unaona mikono yako tu mbele yako, imeshika upinde wa kufyatua, au fimbo inayotema moto ukibahatika kuiokota. Mmisionari alinionyesha siku moja ya mvua, akasema mchezo huo ni wa kupumzisha akili. Akili yangu ilipumzika sana. Nilikimbilia mapepo bila kujificha, nikafa, nikabonyeza, nikaamka, nikarudi kuyatukana kwa Kiluba. Mwanamke aliyepita miaka thelathini, ambaye kila anayeingia ofisini anamwuliza ataolewa lini, mlitaka hasira yake aipeleke wapi?

Spika ndizo zilizoniponza. Alhamisi moja nilisahau kupunguza sauti, na chumba cha pili, nyuma ya ukuta mwembamba, Kipendano walikuwa kwenye maombi. Kipendano ni umoja wa akina mama wa kanisa letu, nao wakikutana hakuna mume anayethubutu kuuliza chakula. Pepo mwenye pembe akanguruma. Maombi yakanyamaza. Pepo akanguruma tena, nikasikia viti vinasogezwa, wimbo unaanza, na mlango wangu ukafunguka kwa teke.

Mbele alisimama Mama Noémie, rais wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha treni.

"Toka! Kwa jina ya Yesu, toka mu nyumba ya kanisa!"

Nikafyatua. Pepo akaanguka kifudifudi, akayeyuka sakafuni.

Vigelegele vilivyofuata vilisikika sokoni. Mama mmoja alinikumbatia hata kofia ikamtoka kichwani.

"Mama Présidente," nikasema, "ni minyi njo nilimuua. Angalia, mushale iko yangu."

"Ndiyo, mwana wangu," akajibu Mama Noémie, akinifuta jasho kwa kitambaa chake. "Weye ulikuwa chombo."

Chombo! Mimi, niliyekwisha kujua kila kona ya ngome ile!

Nilidhani watanifungia mchezo. Badala yake walivuta viti wakaketi. Mama Bilonda ndiye aliyeanza. Huyu ni Mkasai, anauza chumvi na sabuni, na mwaka wa tisini na tatu, Wakasai walipofukuzwa mkoani kwetu, alilala na watoto wake stesheni akingoja treni ya kuwapeleka kusikojulikana. Treni ilipofika aliitazama, akaona haina nafasi ya sabuni yake, akarudi nyumbani. Mwanamke wa namna hiyo hashtuliwi na pembe.

"Mapepo iko ingine?" akauliza.

"Iko mingi, mama."

"Basi endelea. Tuko tunaomba."

Lakini Mama Noémie aliinua mkono.

"Tunaombea nani?"

"Namna gani, nani?"

"Ule muntu mwenye kupigana. Jina yake nani? Iko mutoto wa nani?"

Nikamwambia hana jina, hana baba, hana hata uso. Ni mikono tu. Akanitazama kama mtu aliyeletewa sahani tupu. Kwetu huwezi kumwombea mtu hivi hivi. Unamtaja jina lake, la mzazi wake, na mahali anapotoka, la sivyo baraka itapotea njiani, na wewe unazijua barabara zetu za kwenda Kabondo-Dianda.

Mama Noémie akasogeza uso karibu na kioo. Mikono ilikuwa imetulia, imefungwa ngozi kwenye vifundo, upinde umekaa katika mkono wa kushoto.

"Anashika na kushoto," akasema polepole. "Mbuyu anashikaka kila kitu na kushoto."

Mbuyu alikuwa kitinda mimba wake. Mwaka uliotangulia, askari wa vita ya kwanza walipopita mjini, alipanda lori lao na shati la shule mwilini, bila kuaga. Mama yake alikimbia nyuma ya lori hadi kwenye njia panda. Vumbi lilikuwa jingi na vijana walikuwa wengi, hakuuona uso wake. Aliona mikono yake tu, inapunga juu ya vichwa vya wenzake. Tangu siku hiyo alikuja kukaa kwenye benchi langu kila Alhamisi, nami nikaita Kabalo, nikaita Mulongo, nikaita kila misheni yenye sikio. Hakuna aliyekuwa na habari.

"Njo yeye," akasema Mama Noémie. "Mbuyu, mutoto ya Noémie, wa Kamina. Tuombe."

Raha yangu ikaishia hapo.

Alhamisi iliyofuata nilicheza kama kawaida yangu, mbio na matusi, na masufuria mawili yakanibana kwenye ngazi. Skrini ikawa nyekundu. Dunia ikalala ubavu, ikabaki sakafu ya mawe tu machoni. Kwangu hilo lilikuwa jambo la kila siku. Nikageuka kuwaambia wasubiri kidogo, nikamkuta Mama Noémie ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, kitambaa cha kichwa ameshakifungua. Hivyo ndivyo wanavyokaa waliofiwa. Mama wawili walikuwa tayari wameanza kulia.

Nilishtuka hata vidole vikakosana. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, mwishowe nikampata pale nilipomhifadhi, yaani pale mchezo unapokuruhusu kuanzia tena ukifa, chini ya ngazi, mzima, upinde mkononi.

"Iko muzima!" nikapiga kelele. "Mama, angalia, iko muzima! Alizimia tu!"

Mama Noémie akainuka taratibu, akautazama mkono wa kushoto kwa muda mrefu. Akafunga kitambaa chake.

"Asizimie tena," akaniambia.

Mnajua ni kitu gani kumchezesha mtoto wa mtu mbele ya mama yake? Nilikuwa simba, wakanifanya yaya. Nilitembea nimeshika kuta. Nilichungulia kila kona kabla ya kupita. Mbuyu akipungukiwa damu nilirudi nyuma kutafuta dawa, zile chupa za kijani zilizotawanyika ngomeni, na Mama Bilonda alinikemea nikimwacha anywe moja tu wakati ziko mbili. Mama mmoja aliuliza mbona hali chakula. Mwingine aliuliza mbona hana shuka, kule ndani kuna mawe matupu, baridi itamwingia kifuani. Tukifika kwenye lango walisimama wakaimba wimbo mzima, beti zote, nami nimekaa kidole juu, jasho linanitiririka, mapepo yananguruma upande wa pili. Wimbo ukiisha Mama Noémie anasema, "Fungua." Ndipo nafungua.

Lakini nitasema na hili, kwa kuwa ni kweli: nilikuwa nampenda. Nilianza kumwota Mbuyu, mimi niliyemfukuza mara ngapi, yule Mbuyu wa kweli, kwenye mapera ya ofisi.

Mvua zikaanza, habari za vita zikawa mbaya, na phonie ikawa inaleta majina ya vijiji vilivyokimbiwa. Jina la Mbuyu halikutoka. Ngomeni, hata hivyo, tulisonga mbele, hadi Alhamisi moja tukafika kwenye lango la mwisho. Lilikuwa refu, jeusi, limechorwa mafuvu. Nyuma yake alikaa mkubwa wa mapepo wote. Nilikuwa sijawahi kumwona. Tangu mmisionari aondoke nilikuwa naiwinda siku hiyo.

"Nyuma ya mulango hii njo iko Shetani mwenyewe," nikawaambia. "Tukimuua, imekwisha."

Walishafunga kula tangu asubuhi. Wakasimama waimbe. Mama Noémie hakusimama.

"Imekwisha namna gani?" akauliza. "Akimuua, Mbuyu anarudi kwetu?"

"Hapana, mama. Kunatoka maandiko: umeshinda. Kiisha mchezo inasimama."

"Na yeye?"

"Yeye… haiko tena. Inasimama tu."

Akageuka, akaniangalia mimi.

"Sasa tunaenda kule juu ya nini?"

"Juu ya kushinda, mama!" Nilikuwa nimeshaanza kupandwa na hasira. "Mapepo yote tuliua! Nguvu yote hii! Kumebaki mumoja!"

"Julie, mwana wangu. Nani alikuambia minyi nataka ashinde?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Minyi nataka arudi. Mugeuze."

Nilikasirika, msidhani sikukasirika. Nilipiga meza, nikasema kwamba mchezo huu haukutengenezwa kwa kurudi, kwamba hakuna mtu duniani anayecheza kwenda nyuma. Mama Bilonda akasema, "Mugeuze mutoto, Mademoiselle." Nikamgeuza. Lango jeusi likatoka machoni pangu, na sijaliona tena hadi leo.

Hatukuwa tumefika mbali gari liliposimama nje. Akaingia koplo kijana, bunduki begani, na wawili nyuma yake.

"Nani njo responsable hapa?"

"Ni minyi."

"Tuko tunabeba groupe. Ni ordre."

"Ordre ya nani? Uko na karatasi?"

Akagusa bunduki. "Karatasi njo hii."

Nilikuwa na jibu, tena baya, lakini Mama Noémie alinitangulia. Hakugeuza hata kichwa.

"Mungoje kidogo, chef. Mutoto iko anarudi."

Koplo akaangalia mahali wanawake wote walipokuwa wakiangalia. Akasogea. Aliona korido ya mawe, mienge, maiti za mapepo zimelala zilipoangukia, na mikono miwili inayosonga mbele kwa woga.

"Adui iko wapi?" akauliza.

"Nyuma," nikamjibu.

"Sasa anaenda wapi?"

"Kwao," akasema Mama Noémie.

Wale askari wawili wakacheka. Koplo hakucheka. Akaitua bunduki yake, akaiegemeza kwenye kabati la mihuri.

Tatizo ni kwamba mimi njia sikuijua. Muda wote ule nilitazama mbele, sikutazama nilikotoka. Waliokumbuka ni akina mama, kwa sababu ya nyimbo. Hapa ndipo tulipoimba ule wa Krismasi, pita kulia. Hapa ndipo Mama Bilonda alipokohoa katikati ya ubeti, teremka. Tukapita hivyo, lango baada ya lango, hadi kwenye ukumbi wenye nguzo, na pale nikasikia bawa. Mchezo ule una tabia mbaya: ukikawia, mapepo mengine huzaliwa upya. Mbuyu alikuwa na damu kidogo, na chupa za kijani tulishazimaliza zote wakati wa kwenda, hakuna aliyewaza safari ya kurudi.

Nikanyoosha kidole nikimbie.

"Usikimbie!" Koplo alikuwa ameinama begani kwangu, pumzi yake shingoni mwangu. "Ukikimbia, anakusikia. Ngojea apite. Kaa mu kivuli. Pale. Sasa nguzo ingine. Polepole. Usiangalie nyuma."

Alilijua jambo lile vizuri mno kwa mtu aliyekuwa hajawahi kuona mchezo. Nikatii. Pepo akapita juu yetu, mabawa yakitoa mlio wa shuka inayokung'utwa, asituone. Mmoja wa askari alikuwa ameshika mkono wa Mama Bilonda na hajui.

"Kule mulangoni," koplo akauliza kwa sauti ndogo, "hakuna bantu ya kumukamata? Ya kumurudisha?"

"Hakuna," akasema Mama Noémie. "Kuko mama yake tu."

Tukafika. Mwanzo wa ngome ulikuwa ua mdogo wenye nyasi na mwanga wa mchana, na lango la mbao aliloingilia, ambalo halifunguki. Nikampeleka hadi mbele yake. Nikabadilisha silaha moja baada ya nyingine mpaka nikapata ile ya mwisho isiyotumiwa na mtu, mikono mitupu. Upinde ukashuka, ukapotea. Ikabaki mikono miwili, wazi. Mama Noémie akaweka kiganja chake juu ya kioo, upande wa kushoto. Nikahifadhi. Nililia, tena kwa sauti, na sioni haya kusema.

Koplo akachukua bunduki yake.

"Bon," akasema. "Tubebe."

Wakaibeba. Msifikiri walituonea huruma, vita ni vita. Niliwatukana kutoka kibandani hadi garini, Kiswahili, Kifaransa na Kiluba, groupe ikapakiwa, kompyuta ikawa sanduku na phonie ikawa bubu. Gari lilipowaka, koplo akashuka tena, akarudi hadi kwa Mama Noémie, akasimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Mama, minyi ni Muamba. Mama yangu ni Ntumba, iko Mwene-Ditu. Hajue fasi niko." Akaelekeza kidevu ofisini. "Pale mulangoni… mutaniweka naye?"

"Nafasi iko," akasema Mama Noémie.

Mama Bilonda, Mkasai mwenzake, akamwambia neno kwa Kiluba cha Kasai, koplo akalijibu ameinamisha kichwa, akaondoka.

Mbuyu alirudi mwaka uliofuata, mvua zikiisha, kwa miguu, akifuata reli kutoka upande wa Kabalo, fimbo katika mkono wa kushoto, viatu hana. Nusu ya mji ilitoka kumwona. Mama yake alikuwa anatwanga. Akauweka mchi, akamtazama kutoka juu hadi chini, akamzaba kofi la bega lililosikika hadi barabarani.

"Ulikuwa mulangoni tangu wakati ile yote! Ulikuwa unangojea nini?"

Mbuyu hakuelewa kitu. Alikuwa bado anashangaa alipovutwa kifuani, na hapo mama huyo, ambaye hatukumwona akilia hata siku moja, hata ile ya ngazi, akalia hadi akaishiwa sauti.

Alhamisi Kipendano walijaa. Niliwakumbusha tena, kwa heshima, kwamba yule pepo wa kwanza alikufa kwa mshale wangu, wakanipa tabasamu lile lile. Tulidhani Mama Noémie ataanza na shukrani. Akasimama mbele ya kompyuta iliyozimika, mkono mmoja juu yake.

"Mumoja amerudi," akasema. "Bado mumoja."

Kisha akataja jina la Muamba, na la mama yake, na la Mwene-Ditu, ili baraka isipotee njiani. Mimi niliitika amina kwa sauti kubwa kuliko wote.